Somo: Jinsi ya kuchagua njia ya viza kabla ya kuchagua nchi

Swali ninaloletewa kuliko mengine yote ni hili: "Ni nchi gani inayotoa viza kwa urahisi?" Huwa silijibu, si kwa kiburi, bali kwa sababu halina jibu. Ofisa anayepokea maombi hapimi hamu ya mwombaji wala utamu wa barua yake. Anatazama kama mwombaji anaingia katika kundi lililotajwa na sheria, na kama karatasi alizoleta zinathibitisha hivyo. Muuguzi mwenye leseni, mke wa raia, mwanafunzi aliyedahiliwa chuoni na mstaafu mwenye pensheni wanaweza kusimama foleni moja wakiomba kwenda nchi ileile, na kila mmoja akapimwa kwa kanuni ambazo hazimhusu mwenzake kabisa. Kwa hiyo somo hili linaanza na mwombaji na karatasi zake, na nchi itajitokeza yenyewe baadaye.

Hatua ya 1: Tofautisha kuingia, kukaa na kuhamia

Viza ni ruhusa ya kufika mpakani na kuomba kuingia. Kibali cha ukaazi ni ruhusa ya kuishi kwa muda na kwa sharti fulani, kwa mfano kumfanyia kazi mwajiri aliyetajwa. Ukaazi wa kudumu ni haki ya kuishi na kufanya kazi bila kufungwa na mwajiri wala chuo, na uraia huja baada ya hapo kwa wanaoutaka na wanaotimiza masharti yake. Watu wengi huyachanganya haya manne, kisha hushangaa kuambiwa kwamba miaka waliyokaa kwa kibali cha aina fulani haihesabiwi katika safari ya kupata ukaazi wa kudumu.

Viza ya matembezi si njia ya kuhamia. Viza fupi ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, kwa mfano, humruhusu mtu kukaa siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180, na siku hizo huhesabiwa kwa nchi zote za eneo hilo kwa pamoja, si kila nchi peke yake. Anayeingia kwa viza hiyo akitarajia kuibadilisha akiwa ndani mara nyingi hutakiwa kurudi alikotoka na kuomba upya. Anayeamua kupitiliza muda hujifungia milango ya baadaye: kwa sheria ya Marekani, aliyekaa kinyume cha sheria kwa zaidi ya siku 180 lakini chini ya mwaka mmoja, kisha akaondoka mwenyewe, huzuiwa kurudi kwa miaka 3, na aliyefikisha mwaka mmoja au zaidi huzuiwa kwa miaka 10.

Hatua ya 2: Jiulize nani anakuita, au ni kitu gani kinakupeleka

Chukua karatasi na uandike jibu lako kwa sentensi moja. Ukishindwa kuiandika, bado hujawa tayari kuomba, na hakuna wakala atakayeiandika kwa niaba yako bila kutunga uongo.

Mlango wa familia ni wa mwenzi, mtoto, mzazi, na katika nchi chache ndugu. Nguvu yake inategemea ukaribu wa undugu na hadhi ya anayekuita. Marekani, mwenzi wa raia, mtoto wa raia aliye chini ya miaka 21 na asiye na ndoa, pamoja na mzazi wa raia aliyefikisha miaka 21, hawawekewi idadi ya mwisho kwa mwaka. Lakini kaka au dada wa raia huingia katika foleni ambayo husubiriwa kwa miaka mingi, na nafasi yake hufuatiliwa kwa tarehe katika tangazo linalotolewa kila mwezi. Katika mlango huu cheti cha ndoa peke yake hakitoshi. Ofisa hutafuta maisha ya pamoja: mawasiliano ya muda mrefu, picha zenye watu wengine ndani yake, fedha zilizotumwa, safari za kutembeleana.

Mlango wa kazi una sura mbili, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Sura ya kwanza ni ya mwajiri anayekudhamini. Uingereza, mwajiri lazima awe na leseni ya udhamini, naye humpa mfanyakazi namba ya cheti cha udhamini ambayo huandikwa kwenye maombi. Orodha ya waajiri wenye leseni hutolewa hadharani na serikali, hivyo ofa yoyote inaweza kukaguliwa kwa dakika tano. Kanuni zenyewe hubadilika kwa kasi: tarehe 22 Julai 2025 kiwango cha kawaida cha mshahara kwa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi kilipandishwa hadi pauni 41,700 kwa mwaka, kazi zinazokubalika zikawa kwa jumla zile za kiwango cha shahada, na uajiri mpya wa walezi kutoka ng'ambo ukafungwa. Bado wapo wanaouza "nafasi za ulezi Uingereza" kana kwamba tarehe hiyo haikupita.

Umoja wa Ulaya una Kadi ya Bluu kwa wenye elimu ya juu na mkataba wa kazi unaofikia mshahara uliowekwa. Ujerumani, mwenye kadi hiyo anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miezi 27, au miezi 21 akiwa na Kijerumani cha kiwango cha B1, yaani cha kati. Mtu asipuuze tofauti hiyo ya miezi 6, kwani lugha aliyojifunza jioni baada ya kazi ndiyo iliyomnunulia.

Sura ya pili ni ya alama, ambapo serikali yenyewe inakuchagua bila mwajiri kukutangulia. Kanada iliuanza mfumo wa Express Entry, yaani wa kuchagua wafanyakazi wenye ujuzi kwa alama, Januari 2015. Katika mpango wake wa wafanyakazi wenye ujuzi, mwombaji kwanza lazima apate alama 67 kati ya 100 ili aruhusiwe kuingia, kisha hupangwa na wenzake kwa kipimo kingine chenye alama 1,200, na waliopo juu ndio hualikwa kuomba ukaazi wa kudumu. Kupata 67 si kualikwa. Ni kupita getini tu. Jimbo likikuteua huongezewa alama 600, ambazo kwa kawaida humaliza ubishi. Australia huweka alama 65 kuwa za chini kabisa, na mwombaji wa njia hii huwa hajafikisha miaka 45 anapoalikwa. Ujerumani ilifungua Chancenkarte, yaani kadi ya fursa ya kutafuta kazi, tarehe 1 Juni 2024: asiye na utambuzi kamili wa taaluma yake huhitaji alama 6, pamoja na Kijerumani cha A1 (cha mwanzo) au Kiingereza cha B2 (cha juu ya kati), ili apewe hadi mwaka mmoja wa kutafuta kazi akiwa huko, huku akiruhusiwa kufanya kibarua kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki.

Mlango wa masomo ni mpana lakini ni ghali, na viza ya masomo peke yake haina ahadi ya kubaki. Kinachotakiwa kuchunguzwa ni kile kinachofuata baada ya kuhitimu. Ujerumani humpa mhitimu wa chuo chake hadi miezi 18 ya kutafuta kazi. Kanada hutoa kibali cha kazi cha hadi miaka 3, kulingana na urefu wa masomo, lakini si kila chuo wala kila kozi inayostahili, na huu ndio mtego: mtu hulipa ada ya miaka miwili, kisha hugundua kwamba chuo chake hakimo.

Milango mingine nitaipitia kwa haraka. Uwekezaji ni wa wenye mitaji mikubwa na unazidi kufungwa; Hispania iliufuta Aprili 2025. Viza za wenye kipato kutoka nje, kama pensheni au kodi za nyumba, zipo Ureno na kwingineko, na masharti yake makuu ni uthabiti wa kipato. Bahati nasibu ya viza ya Marekani iliwekwa na sheria ya mwaka 1990 kwa kiwango kisichozidi viza 55,000 kwa mwaka. Hakikisha kwanza kwamba dirisha la maombi limefunguliwa na kwamba mahali ulipozaliwa panaruhusiwa mwaka huo, na ukumbuke kwamba kuchaguliwa si kupewa viza, maana wanaochaguliwa ni wengi kuliko nafasi zilizopo. Hifadhi ya ukimbizi, kwa mujibu wa Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 na Itifaki yake ya 1967, ni kinga ya anayekimbia mateso, na anayeidai kwa hadithi ya kubuni huharibu jina lake na humchelewesha anayeihitaji kwa kweli.

Hatua ya 3: Fanya hesabu kabla ya kulipa

Vikokotoo vya alama vya Kanada na Australia vipo wazi kwenye tovuti za serikali zao, bila malipo. Jaza mara mbili: mara ya kwanza kwa hali uliyo nayo leo, mara ya pili kwa hali utakayokuwa nayo baada ya mwaka. Tofauti ya majibu hayo mawili ndiyo inayokuonyesha pa kuweka nguvu. Kwa wengi jibu ni lugha. Katika mtihani wa Kiingereza wa IELTS, 6.0 katika kila sehemu humtosha mtu kuingia kwenye mpango wa ujuzi wa Kanada. Lakini akifikisha 8.0 katika kusikiliza na 7.0 katika kusoma, kuandika na kuzungumza, hupanda ngazi mbili za kipimo cha lugha cha Kanada, tena alama za elimu na uzoefu huongezeka pamoja na zile za lugha. Nimeona watu wakitumia miezi wakitafuta shahada ya pili wakati kilichowakosesha mwaliko ni nusu alama ya insha.

Hatua ya 4: Panga karatasi kwa tarehe za mwisho wake

Kila hati ina saa yake inayohesabu kimyakimya. Kwa Kanada, matokeo ya lugha hudumu miaka 2, tathmini ya vyeti vya elimu miaka 5, vipimo vya afya miezi 12, na cheti cha polisi cha nchi unayoishi sasa lazima kiwe kimetolewa si zaidi ya miezi 6 kabla ya kuomba. Ukialikwa hupewa siku 60 za kuwasilisha kila kitu. Anayeanza kukusanya baada ya mwaliko huwa amechelewa.

Chora jedwali lenye safu nne: jina la hati, tarehe ya kutolewa, tarehe ya kuisha, na jina lako kama lilivyoandikwa kwenye hati hiyo. Safu ya nne ndiyo ambayo watu huiruka, na ndiyo yenye matatizo. Jamaa mmoja niliyemsaidia kupanga mafaili alikuwa na pasipoti yenye majina matatu, cheti cha kidato chenye mawili, na shahada ambayo jina la babu lilikuwa limetangulia. Tena herufi moja ilitofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa na pasipoti. Kwa jicho la familia yake huyo ni mtu mmoja bila shaka yoyote, ila kwa jicho la ofisa asiyemjua ni watu watatu wenye tarehe moja ya kuzaliwa. Tulianza na hati ya kiapo ya majina, tukasahihisha pasipoti, ndipo tukatuma vyeti kwenye tathmini. Tungefanya kinyume, tathmini ingetoka kwa jina lisilolingana na pasipoti mpya.

Cheti cha polisi huhitajika kwa kila nchi uliyoishi kwa muda fulani, si uliyomo tu. Kanada huhesabu nchi ulizoishi kwa miezi 6 mfululizo au zaidi ndani ya miaka 10 iliyopita. Vinavyotoka nchi ya mbali ndivyo huchelewa, basi anza na hivyo.

Hatua ya 5: Onyesha fedha zenye historia

Kiasi kinachotakiwa hutofautiana, ila ofisa wa nchi yoyote huuliza mambo mawili: zipo, na zilitoka wapi? Kwa viza ya masomo ya Uingereza, fedha lazima zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja, na tarehe ya mwisho ya taarifa ya benki isizidi siku 31 kabla ya kuomba. Ujerumani hutumia akaunti iliyofungwa, ambayo mwanafunzi huweka euro 11,904 kwa mwaka na kutoa sehemu tu kila mwezi. Kanada, kwa njia ya ujuzi, hutaka barua ya benki inayoonyesha wastani wa miezi 6. Fedha nyingi zilizoingia kwa mkupuo wiki moja kabla ya maombi huibua shaka papo hapo. Kama ni za kuuza shamba au ni zawadi ya mzazi, ambatanisha mkataba au barua ya zawadi na taarifa ya akaunti zilikotoka.

Msisahau gharama zinazofuata ada ya viza. Uingereza hutoza ada ya huduma ya afya, ambayo kwa mtu mzima mwenye viza ya kazi ni pauni 1,035 kwa mwaka, na hulipwa yote mwanzoni: kwa miaka 3 ni pauni 3,105, na kila mtegemezi ana hesabu yake.

Hatua ya 6: Jaza fomu mwenyewe, au isome yote kabla ya kutumwa

Historia ya kazi na makazi isiwe na matundu. Miezi minne ya kukaa bila kazi si kosa. Iandike hivyo hivyo. Kosa ni kuificha kwa kurefusha tarehe za ajira iliyotangulia, kwa sababu barua ya mwajiri itasema kweli. Udanganyifu ukigundulika, Kanada humzuia mtu kwa miaka 5 na Uingereza inaweza kumzuia kwa miaka 10, na haijalishi kwamba aliyeandika uongo huo ni wakala, kwani saini ni ya mwombaji.

Kuhusu mawakala, sisemi wote ni wabaya. Kanada na Australia zina washauri waliosajiliwa ambao namba zao zinaweza kukaguliwa kwenye daftari la umma. Asiyetaka namba yake ikaguliwe, au anayekuahidi kwamba "ndani kuna mtu wetu", mwache aende zake.

Ukishawasilisha na kuchukuliwa alama za vidole, usiache kazi wala kuuza vitu vya ndani mpaka viza iwe mkononi.

Maswali ya wanachama

*Swali: Shikamoo mwalimu. Nimepata ofa ya kazi Uingereza, na mwajiri ananitaka nilipie cheti cha udhamini kwanza kupitia kwa mtu wake. Ni utaratibu wa kawaida?*

Marahaba. Hapana. Gharama ya cheti hicho na tozo ya ujuzi, ambayo mwajiri hutozwa kwa kumdhamini mfanyakazi wa kigeni, ni mzigo wa mwajiri, na kanuni zinamkataza kumtwisha mfanyakazi. Angalia jina la kampuni kwenye orodha ya wenye leseni, kisha tafuta mawasiliano yake mwenyewe badala ya kutumia namba uliyopewa na huyo mtu, uwaulize kama ofa hiyo wanaijua. Unacholipa wewe ni ada ya viza na ya huduma ya afya, tena moja kwa moja kwenye tovuti ya serikali.

*Swali: Nina miaka 41. Je, muda umenipita?*

Umepungua, haujaisha. Kwenye kipimo cha Kanada, alama za umri huwa kamili kati ya miaka 20 na 29, kisha hushuka kila mwaka hadi kuwa sifuri mtu akifikisha 45. Australia bado inakupa alama 15 za umri kwa miaka 40 hadi 44. Kama una mwenzi aliye mdogo kwako na mwenye elimu, fanyeni hesabu mbili, moja yeye akiwa mwombaji mkuu na wewe mtegemezi. Familia nyingi humweka mume mbele kwa mazoea tu, wakati alama za mke ndizo zingewavusha wote.

*Swali: Nilinyimwa viza ya matembezi miaka sita iliyopita, nchi tofauti na ninayoomba sasa. Nikiacha kuitaja watajua?*

Fomu ikiuliza, itaje. Baadhi ya nchi hubadilishana taarifa za waombaji, zikiwemo za alama za vidole, hivyo kujua kwao si jambo la ajabu. Kunyimwa viza kwa upungufu wa fedha au wa vielelezo hakukufungii mlango. Kuficha ndiko kunakufunga. Andika mwaka, nchi, sababu iliyotolewa, na kilichobadilika tangu hapo, kwa sentensi tatu au nne bila kulalamika.

*Swali: Naomba viza ya masomo, lakini nia yangu ni kubaki. Nisemeje kwenye usaili?*

Ndugu yangu, inategemea nchi. Marekani, sheria humchukulia mwombaji wa viza ya mwanafunzi kuwa anataka kuhamia mpaka athibitishe kinyume, kwa hiyo mwenye nia ya kuhamia hana budi kutafuta viza nyingine inayolingana na nia hiyo. Sheria ya Kanada inakubali kwamba mtu anaweza kuwa na nia mbili kwa pamoja, ya muda na ya kudumu, mradi ofisa aridhike kwamba utaondoka muda wako ukiisha kama hujapata kibali kingine. Siwezi kukufundisha maneno ya kumficha ofisa nia yako. Ninachokushauri ni kuchagua nchi ambayo kanuni zake zinakuruhusu kusema kweli.

*Swali: Nina mtoto wa nje ya ndoa anayelelewa na mama yake, na hatasafiri nami. Kuna haja ya kumwandika?*

Ipo, dada zangu na kaka zangu, na hili mlisikie wote. Kanada, mwanafamilia ambaye hakutajwa wala kuchunguzwa wakati mzazi anaomba ukaazi wa kudumu kwa kawaida hawezi kudhaminiwa baadaye kama familia. Mwandike kama mtoto asiyefuatana nawe, na mama yake aombwe kumpeleka kwenye vipimo vya afya ofisi ikivitaka. Na kama yupo karibu kutimiza miaka 22, umri ambao Kanada huacha kumhesabu kuwa mtegemezi, harakisha: kwa njia ya Express Entry umri wake hushikiliwa kama ulivyo siku maombi kamili yanapopokelewa, si siku unapofungua wasifu wako kwenye mfumo ili kusubiri mwaliko, kwa hiyo cheti chake cha kuzaliwa kiwe miongoni mwa hati za kwanza kwenye lile jedwali.